UZI: Nilivyotunga nchi ya mpakani kwa ajili ya vita vya askari wa plastiki (ramani, posho, hongo na msimu wa kwanza)

Wakuu habari za jioni. Kuna watu waliniuliza inbox kuhusu ile meza yenye milima ya sponji niliyopost picha yake mwezi jana nikaahidi kuandika, sasa nimepata nafasi naandika yote ila itakuwa ndefu, asiye na muda aweke alama arudi baadae.

Kwa ufupi ni hivi. Mimi na ndugu yangu tuna askari wa plastiki kama mia tatu hivi, wengi ni wale wa kijani wanaouzwa kwenye mifuko mitumbani na madukani, wengine tumewakatakata tukawachonga upya kwa wembe na moto wa mshumaa, kofia tukaibadilisha kuwa kilemba, bunduki ikawa mkuki, wapagazi tumewawekea mzigo kichwani kwa udongo wa mfinyanzi na gundi ya mbao. Tunawapanga mezani, tuna sheria, tuna dadu, tunapigana. Mwanzoni tulikuwa tunapigana tu, leo umeshinda wewe kesho nimeshinda mimi, na baada ya miezi kadhaa ikaanza kuchosha kwasababu hakuna kinachobaki. Askari wanakufa jioni asubuhi wote wamefufuka. Ndio nikaamua nitunge nchi, ili vita iwe na mahali inapotoka na mahali inapokwenda.

Wanaosema haya ni mambo ya watoto naomba nianze nao. Mwandishi Robert Louis Stevenson alipokuwa Davos kule Uswisi anajiuguza mapafu, msimu wa baridi wa 1881 kwenda 1882, alichora ramani nzima kwa chaki za rangi kwenye sakafu ya dari, barabara, milima, mito, akawa anapigana vita vya majuma mazima na mtoto wake wa kambo kwa askari wa risasi. H.G. Wells naye mwaka 1913 alitoa kitabu kizima cha sheria za vita vya askari wa kuchezea. Na jeshi la Prussia kabla yao wote, tangu 1824, lilikuwa linawafundisha maofisa wake kwa mchezo wa mezani wenye ramani, dadu na mwamuzi anayejua siri za pande zote mbili. Huyu mwamuzi mkumbukeni, nitamrudia.

Ila kilichonigusa mimi zaidi ni kisa cha wale watoto wa kina Brontë wa Uingereza. Juni 1826 baba yao alimletea kijana wake Branwell askari kumi na wawili wa mbao, dada zake wakachagua kila mmoja wa kwake wakampa jina, na kutoka kwa wale askari kumi na wawili wakatunga nchi nzima yenye miji, wafalme, magazeti, vita, wakaandika vitabu vidogo vya kutosha kusomwa na askari mwenyewe. Sasa unajua ile nchi waliiweka wapi? Afrika. Pwani ya Afrika Magharibi. Watoto wako Yorkshire kwenye baridi, hawajawahi kuiona Afrika, wakachukua kipande cha pwani yetu wakakijaza wafalme wao na wenyeji wakawa ni maadui wa kufukuzwa tu. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, na nikasema kama wao waliweza kutunga Afrika bila kuijua, mimi niliyezaliwa huku nashindwa nini kutunga ya kwangu nikaifanya iwe na akili ya watu wa huku?

Na ukiangalia michezo mingi ya mpakani inayochezwa huko nje, iwe milima ile ya kati ya India ya Waingereza na Afghanistan au iwe Sudan au nchi ya Wazulu, mwenyeji huwa hana mchezaji. Anatokea tu kwenye kichaka pale dadu inapoangukia sita. Anapiga kelele, anakimbilia bunduki, anakufa. Hana ghala, hana mvua anayoisubiri, hana ng'ombe, hana jirani anayemuogopa, hata sababu ya kupigana hana. Hicho ndicho nilichotaka kukiondoa, na uzi mzima huu unazunguka hapo.

Kwanini sikutumia vita ya kweli

Najua swali litakuja, Mkwawa si yupo? Nilijaribu. Sisi ni watu wa Iringa, Lugalo tunaijua tangu tukiwa tunabebwa mgongoni, tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, unapita kwa mstari mmoja mrefu na Wahehe wamelala kwenye nyasi. Nikapanga meza, nikaweka mstari wa askari, nikaweka Wahehe pembeni. Ikagoma. Kwanza kila mtu anajua mwisho, yule anayecheza Zelewski anajua kabisa kwamba kwenye nyasi kuna watu kwahiyo anaanza kupeleka wapelelezi ambao Zelewski mwenyewe hakuwapeleka. Pili, na hii ni kubwa kwangu, bibi alipita akauliza hawa ni akina nani nikamwambia, akawaangalia akasema hao waliolala hapo wana majina, na akaondoka. Fuvu la Mkwawa lenyewe limerudishwa Kalenga 1954, yaani kuna wazee walio hai waliokuwepo siku ile. Sikuweza kuendelea kuwaangusha kwa dadu. Nikawakusanya wote nikawarudisha kwenye boksi.

Nchi ya kutunga inakupa uhuru ambao historia haikupi, hakuna anayejua mwisho na hakuna kaburi la mtu unalolikanyaga. Lakini niliapa kila kanuni ya ile nchi itoke kwenye vitu vya kweli, namna watu walivyotembea, walivyokula, walivyolipana.

Ramani: anza na maji

Wengi wakitunga nchi wanaanza na wafalme na bendera. Mimi nilianza na maji. Nilichukua karatasi ya manila nikachora vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, kila chumba ni mwendo wa siku moja wa msafara, tuseme kilomita 15, maana misafara ya zamani ilikuwa inaondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Kisha kabla ya kuchora mji wowote nikaweka visima na mito kwa kalamu ya bluu. Baada ya hapo nchi ikajichora yenyewe kwa kweli, kwasababu penye maji pana kijiji, penye kijiji pana chakula, penye chakula pana soko, na njia inapita kwenye soko.

Ikatoka hivi. Pwani kuna bandari inaitwa Ras Mkungu, hapo iko Kampuni, yaani upande wa wageni wanaoingia bara na askari wao. Siku tano bara unafika Usembe, nchi tambarare yenye mtama na soko kubwa. Baada ya Usembe kuna nyika vyumba vitatu bila tone la maji. Ukitoka nyikani kuna mto Lukwira, kisha unapanda milima ya Undakwe, na siku ya kumi na mbili ndio unafika kwenye boma la Mtemi Nyamkole. Majina yote nimeyatunga mimi na nilihakikisha yanakaa mdomoni kama majina ya huku, nchi inaanza na U, watu wake Wa, lugha Ki, hiyo peke yake inafanya ramani ipumue.

Mpaka sasa uko wapi? Hapa nilihangaika wiki nzima. Wazungu wao waligawana kwa rula, ule mstari wa 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani umetoka mdomo wa mto Umba ukanyooka ukazunguka Kilimanjaro ukaendelea mpaka ziwani. Kwenye karatasi ya Kampuni yangu pia kuna mstari kama huo na unasema Usembe ni yao. Ila watu wa njiani mpaka wao ulikuwa ni kitu kingine kabisa, mpaka ni pale unapoanza kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, sio rushwa. Ukifika sehemu ambayo lazima utoe doti kadhaa za nguo, merikani na kaniki, ndio upite na uuziwe chakula, hapo umeingia nchi ya mtu, haijalishi karatasi yako inasemaje. Nikaweka mipaka yote miwili kwenye ramani, mmoja wa penseli mwingine wa mkaa, na nafasi iliyobaki katikati ya ile mistari miwili ndio mpakani penyewe. Nilipoona hivo nikajua mchezo umepatikana.

Posho, hapa ndio roho ya mchezo

Mnivumilie hesabu. Mpagazi anabeba kama kilo 30. Posho ya mtu mmoja kwa siku ni kibaba kimoja cha nafaka, weka kilo 0.7. Kampuni ikitoka na askari 200 na wapagazi 100 hao ni watu 300, wanakula kilo 210 kwa siku, yaani mizigo 7. Siku kumi ni mizigo 70. Yaani katika wapagazi wako mia, sabini wamebeba chakula cha siku kumi tu, thelathini ndio wamebeba risasi, mahema, nguo za hongo, dawa na kila kitu. Na safari ni siku kumi na mbili kwenda peke yake!!

Nilipomuonyesha ndugu yangu hii hesabu alikaa akaiangalia akarudia mwenyewe kwenye simu. Mezani kwetu askari mmoja wa plastiki ni watu kumi, mpagazi mmoja ni mizigo kumi, na mizigo yote ni maharage mia kwenye bakuli. Kila siku ya mchezo unatoa saba. Huhitaji kitu kingine chochote kumfanya mtu aogope, ile sauti ya maharage saba yakidondoka kwenye bakuli la pili inatosha. Jeshi la Waingereza lililotoka Kabul kule Afghanistan Januari 1842, na watu waliolifuata jumla kama 16,000, halikumalizwa na risasi peke yake, baridi na njaa na yale makorongo vilifanya kazi kubwa, na tarehe 13 Daktari Brydon, mmoja wa wachache sana walionusurika, akafika Jalalabad juu ya farasi aliyechoka.

Kwa upande wa Undakwe nafaka yao ni kete 64 za bao. Mchezaji wa Undakwe anazigawa kwenye vijiji vyake kwa siri, anaandika kwenye karatasi anampa mwamuzi. Anaweza kuzihamisha, kete nne kwa siku kwa kijiji. Kampuni ikiteka kijiji inakula kilichomo, kama kina kitu.

Nyika ina kanuni yake, tunaiita kwa jina lilelile la watu wa misafara, telekeza. Unaondoka mchana jua likiwa limepinda, unalala bila maji, kesho unasukuma mpaka uyapate. Vyumba vitatu unavikata kwa siku mbili badala ya tatu, ila kila mpagazi anarusha dadu, ikija moja ameanguka au amekimbia, na mzigo wake umepotea. Mzigo gani? Mwamuzi anachomoa bila kuangalia.

*Mkuu mmoja kauliza hapo juu: sasa kupigana kwenyewe mnapiganaje, au ni maharage tu?*

Tunapigana mkuu, ila kwa uchache na kwa uchungu. Kipimo chetu ni shibiri ya mwanangu wa kaka, tumeikata kwenye ubao ili isibadilike akikua. Gobore linafika shibiri moja, linapata dadu ikija tano au sita, ukishapiga zamu inayofuata unashindilia tu hupigi. Bunduki za askari zinazopakiwa nyuma zinafika shibiri tatu na zinapiga kila zamu, lakini kila zamu inakula risasi na risasi ziko kwenye mizigo. Kitu kinachoamua ni mstari. Msafara njiani unatembea mtu nyuma ya mtu, lazima uupange hivo mezani, na ukivamiwa unahitaji zamu tatu kujikusanya kuwa boma la watu. Zamu ya kwanza wapagazi wanatua mizigo na kulala chini, ya pili askari wanatafutana, ya tatu ndio wamejipanga. Bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, inahitaji zamu nne kwasababu imefungwa vipande kwenye mizigo. Anayevizia kazi yake yote ni kufanya kila kitu ndani ya zamu hizo tatu na kuondoka. Akichelewa akabaki ya nne anakufa.

*Na huyu mwamuzi ana kazi gani kama sheria zipo?*

Mwamuzi ndio kila kitu. Bila yeye wote mnaiona meza moja, hakuna siri. Kwetu mwamuzi ni mimi, ramani ya kweli iko chumbani kwangu. Wachezaji wana ramani zao wenyewe wanazojaza kwa wanachoambiwa. Barua inatembea vyumba viwili kwa siku, kwahiyo amri ya kwenda mbali inafika wakati mambo yameshageuka. Nikuambie ukweli kuna siku nimeshika barua ya mtu mkononi naijua kabisa imeshachelewa na siruhusiwi kusema, inauma.

Msimu wa kwanza

Wachezaji: ndugu yangu ni Kampuni. Binti yake, yuko darasa la saba, ni Mtemi Nyamkole. Jirani yetu seremala ni wafanyabiashara wa msafara, ana bunduki za kuuza na meno ya tembo ya kununua. Usembe naicheza mimi kwa kadi za karata.

Julai, kiangazi, Kampuni imetoka Ras Mkungu na mizigo 70 ya chakula. Siku tano imefika Usembe, imebaki 35. Jumbe wa Usembe akaomba hongo, kadi ikasema doti 40. Ndugu yangu akakataa. Hoja yake ilikuwa Usembe ni ya Kampuni, mtu halipi hongo nyumbani kwake, na akanionyesha ule mstari wa penseli. Sikubishana nae, nikamwambia tu soko limefungwa.

Akaingia nyikani bila kununua kitu. Telekeza, siku mbili, maharage 14, yakabaki 21. Akarusha dadu kumi za wapagazi, moja zikatokea mbili. Nikachomoa, mpagazi mmoja wa risasi, mmoja wa chakula, na kila mmoja ni mizigo kumi. Maharage 11. Siku ya kuvuka Lukwira na kufika chini ya mlima yakabaki manne, kesho yake hakuna cha kuwapa watu. Akasema si kitu, vijiji vya chini ya mlima viko pale nitakula humo.

Vilikuwa vitupu. Vyote vitatu. Binti tangu apate habari kwamba msafara umetoka alikuwa anahamisha kete nne nne kila siku kila kijiji, anazipeleka nyuma ya mlima. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza baadae kwanini hakuvizia pale mtoni, alisema "kwanini niwapoteze watu wangu wakati njaa inakuja yenyewe?" Hakupiga gobore hata moja.

Baba yake alikaa na lile bakuli tupu kama nusu saa. Kurudi ni nyika ileile bila chakula. Kupanda ni siku tatu. Mwisho akaandika barua, sio kwa bandarini, kwa Mtemi, anaomba kununua mtama. Na alichokuwa nacho cha kulipa ni merikani zilezile alizokataa kuwapa Usembe, ila Nyamkole hakutaka nguo. Alitaka risasi. Akapewa mizigo minne ya risasi kwa kete kumi za mtama. Mpaka wa mkaa ukasogea kuelekea pwani siku ileile, nilichora mwenyewe.

Oktoba vuli ikaanza. Msafara wa pili, askari 120, ukatoka pwani kuwaokoa wa kwanza waliokuwa wamejenga boma la miiba ng'ambo ya mto. Hawa walilipa hongo Usembe, tena vizuri. Lakini jirani yangu seremala alikuwa ameshauza magobore kwa vijana wa Usembe waliochukia mambo ya Julai na Kampuni haikujua, na pale njia inaposhuka kuingia Lukwira wakapigwa wakiwa kwenye mstari. Zamu tatu. Askari sita wa plastiki chini, yaani watu sitini, kabla ya boma la watu kusimama. Zamu ya nne vijana wakawa hawapo, wameondoka na mizigo mitano. Nilimuona ndugu yangu anawaokota wale sita mmoja mmoja anawaweka pembeni, hawarudi tena mpaka msimu uishe, na mmoja wao ni yule aliyemchonga kilemba usiku kucha.

*Kuna aliyeuliza atumie nini kama hana hela ya vifaa.*

Mkuu milima yetu ni sponji za godoro zilizopasuka na vumbi la mbao kutoka kwa huyo seremala, limelowekwa rangi na gundi. Miti ni vijiti vya meno. Mto ni karatasi ya nailoni ya bluu. Rangi ndogondogo za nyuso na nguo tunatumia rangi za kucha zilizobaki, zinashika plastiki vizuri kuliko rangi ya maji. Hata askari sio lazima, vifuniko vya soda vinatosha kabisa, chora alama juu. Ila ramani na mwamuzi usivikose.

Mpaka leo kwenye nchi yetu ni mwisho wa Novemba. Lukwira imejaa, hakuna anayevuka kwa siku nne zijazo kwa mujibu wa dadu ya mvua. Misafara miwili ya Kampuni inaonana kwa macho, mmoja ng'ambo hii mmoja ng'ambo ile, na ina maharage 19 kwa pamoja. Barua ya kuomba mtama mwingine imeondoka kwenda kwa Nyamkole, na jana usiku binti amenipa karatasi imekunjwa mara nne yenye jibu lake. Nimeisoma. Siwezi kuandika kilichomo hapa kwasababu baba yake anausoma huu uzi, na kwa hesabu ya mwendo barua inafika kambini Jumapili.

Swali lingine lolote la kanuni ulizeni, nitajibu.